Mlango Mwekundu wa Gari la Mkunga

Karakana ya Mjomba ilikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, hakuna kuvuta sigara karibu na thina ya kuzimulia rangi, na aliyeivunja kila siku ni Mjomba mwenyewe. Ya pili, gari la mteja halitumwi dukani; hiyo nayo ilivunjwa kila sukari ilipoisha. Ya tatu ndiyo haikuwahi kuguswa na mtu: mchanganya rangi ambaye jicho lake limeanza kumdanganya anaacha meza.

Mjomba ndiye aliyeitunga, na yeye ndiye wa kwanza kuangukiwa nayo. Alipofikisha miaka hamsini na minane, mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, akawa anaona kila cheupe kina umanjano. Daktari alimwambia ni upasuaji wa nusu saa tu. Mjomba akajibu kwamba yeye si mbuzi, kisu hakitamgusa akiwa hai. Aliweka kijiti cha kukorogea juu ya meza, akamwita binti wa dada yake, akamwambia kuanzia leo ni wewe. Kisha akatoka uani kuwagombeza wapiga msasa, na tangu siku hiyo chumba cha rangi hakukanyaga zaidi ya mlangoni.

Binti huyo ndiye tunayemzungumzia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa na linatosha huko huko, maana karakana nzima walimwita Kinyonga. Usidhani ni kwa sababu ya kubadilika. Mtu mgumu kubadilika kama yeye sijapata kuona: viatu vile vile, chai ile ile, kiti kile kile chenye mguu mfupi. Jina alipewa kwa sababu ya namna alivyotazama.

Namna hiyo ilikuwa ya Mjomba, na huwezi kuikuta karakana nyingine. Gari likikaa juani miaka, rangi yake huchuja, na ile namba ya kiwandani haikusaidii kitu; lazima uitafute rangi kwa macho. Basi unachukua kipande cha kadibodi, unakiegemeza puani kikasimama katikati ya uso kama ukuta kati ya vyumba viwili. Jicho la kushoto linatazama gari. Jicho la kulia linatazama kadi ndogo uliyoipulizia rangi yako. Kila jicho lina chake, halioni cha mwenzake, nawe unakaa katikati kama hakimu. Mjomba alisema macho mawili yakitazama kitu kimoja yanapatana, na yakipatana yanasameheana. Wateja walicheka wakimwona dada wa watu na kadibodi usoni, lakini walipokuja kuchukua magari yao hawakuweza kuonyesha palipotengenezwa.

Akiwa na kijiti mkononi, Kinyonga alikuwa hayupo. Mwili ulikuwa umesimama pale, kwenye kachumba kenye rafu za makopo na dirisha moja lisilopigwa na jua, lakini mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani ya kopo. Kijivu fulani kilimpeleka kwenye ukuta wa shule aliyosoma, siku ya mvua, kengele haijalia. Kijani fulani kilimlegeza mabega. Ungemwita mara tatu kabla hajarudi, na akirudi alikutazama kwa upole wa mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Alikuwa anaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Wachumba wawili walishaondoka wakisema hivyo hivyo.

Wiki ya mlango mwekundu ilianza na balbu. Jumatatu asubuhi aliona chumba kimepooza, akaifuta balbu kwa kitambaa. Haikusaidia, akabadilisha balbu. Haikusaidia, akamlaumu mwenye duka aliyemuuzia. Hata alipotoka uani mchana aliona kwamba upande wa kulia wa dunia umeingia magharibi kabla ya wakati wake. Wapiga msasa walikuwa wanasogea ndani ya vumbi lao taratibu, bila rangi, na katikati ya kila uso palikuwa na ukungu, hivi kwamba akimtazama mtu puani pua inakwenda na masikio yanabaki. Akiligeuza jicho la kulia, lilivutika kwa ndani na kuuma kidogo, kama kuna aliyeshika uzi wake nyuma. Haikuwa sura mbaya. Hilo ndilo lililomchanganya. Ulikuwa utulivu kama wa mtu anayeota huku akijua anaota, na moyoni alijiambia kesho ataamka.

Siku ya Jumatano mkunga akaleta gari lake. Dogo, jekundu, la miaka kumi na moja, mlango wa dereva umebonyea baada ya kugongwa na lango la hospitali, na mwenyewe hakutaka kusimulia zaidi. Wanyoosha bodi walifanya kazi yao. Kinyonga akachukua kadibodi yake, akaiweka puani, akaanza.

Wekundu wa kuchuja ni kazi ya dakika arobaini kwake. Siku hiyo ilimchukua tangu asubuhi hadi watu wamerudi kutoka kula mchana. Kila alipoipulizia kadi na kuitazama, ilikuwa imepauka kuliko gari. Akaongeza nyekundu. Bado. Akaongeza matone ya nyeusi kuipa uzito. Bado. Akaongeza tena, na huku anaongeza alihisi amekaa ndani ya chumba kile miaka, hana njaa, hana haraka, kijiti kinazunguka chenyewe. Mwisho pande mbili za ukuta zikalingana, jicho la kushoto na la kulia yakasema neno moja. Akashusha pumzi. Mlango ukapigwa rangi, ukakauka.

Mkunga alipokuja kulichukua gari alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama yuko wodini.

"Nilileta gari moja," akasema. "Sasa naona mawili."

Mlango ulikuwa umeiva kupita gari lake. Hata kipofu angeuona, na kwa kweli Mjomba, ambaye hakuwa mbali na hapo, aliwauliza watu watatu mmoja mmoja kabla hajaamini. Kinyonga alisimama mbele ya kosa lake. Akaweka kadibodi puani, akalipima gari na kadi yake. Vikalingana barabara. Akaiondoa kadibodi, akafumba jicho la kushoto: gari na mlango vyote vikawa matofali, kitu kimoja. Akafumba la kulia, na tofauti ikamrukia usoni kama kofi.

Hapo ndipo alipojua kwamba balbu haikuwa na kosa. Na kabla hata ya kuogopa ugonjwa, aliiogopa meza. Sheria ya tatu ilikuwa na miaka minne tu tangu imwangushe aliyeitunga, na Mjomba hakujihurumia mwenyewe, seuze mpwa wake. Akasema amekosea vipimo. Mjomba akamtazama kwa macho yake ya manjano, akasema kosa moja haliachi mke, rudia. Akarudia kwa jicho la kushoto peke yake, akamaliza ndani ya nusu saa.

Lakini mkunga hakuwa mtu wa kupitwa na mambo. Alikuwa amemwona akifumba jicho hili na lile. Siku ya kuondoka na gari alimvuta kando, nyuma ya rundo la mabampa, akamuuliza kama jicho linauma akiligeuza. Kinyonga akasema kidogo. Limeanza ghafla? Siku nne, tano.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkunga akasema, bila ukali. "Nenda wiki hii, si mwezi ujao. Na usiende kwa wauza miwani."

Akaenda kwa wauza miwani. Walimwambia hahitaji miwani. Daktari wa macho naye akachungulia kwa taa yake, akachungulia tena, akasema ndani hakuna kitu anachokiona. Mgonjwa haoni na daktari haoni, Kinyonga akawaza, basi hapa sote tuko sawa. Ila daktari huyo alikuwa mwungwana. Alisema jicho lenyewe ni zima, huenda tatizo liko nyuma yake, kwenye mshipa unaopeleka habari kichwani, akamwandikia barua kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Safari hii Mama alikwenda naye. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke wa pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni, na hata siku hiyo aliingia hospitali na futi yake akiwa ameisahau. Alikuwa dada mkubwa wa Mjomba, na binti yake alikuwa amemwapisha asimwambie. Kwa mtu asiyejua kusema uongo ilikuwa adhabu. Mjomba alipopiga simu mara ya kwanza kumuuliza mpwa wake yuko wapi, Mama alisema ana malaria. Mara ya pili akasema jino. Mara ya tatu akasema amekwenda kumsalimia shangazi yake, na shangazi huyo Mjomba mwenyewe alikuwa amebeba jeneza lake miaka sita nyuma. Mjomba akakata simu bila kuuliza zaidi.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alifungua chupa ya dawa, akainua kifuniko chake chekundu, akaanza kumweleza kwamba atafumba jicho moja kisha jingine na kusema wekundu wake unapungua kiasi gani. Kinyonga akamwomba samahani, akafungua mkoba, akatoa kadi mbili. Karakana hawatupi kadi. Kila gari lina yake na vipimo vyake vimeandikwa nyuma.

"Hii ndiyo niliyochanganya kwa macho yote mawili, la kulia likitazama kadi," akasema. "Hii ni ya jicho la kushoto tu. Tofauti yake ni vijiko viwili vya nyekundu na matone saba ya nyeusi. Ndicho kilichopungua."

Daktari alizichukua, akasogea nazo dirishani. Akauliza namna ya kadibodi, akaelezwa. Akaiweka chupa mezani polepole.

"Miaka yote hii mimi ndiye ninayempima mgonjwa," akasema. "Wewe umekuja umeshajipima."

Halafu akauliza kama kuna kitu kingine kiliwahi kumpata, hata zamani, hata kidogo. Kinyonga akasema hakuna. Alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Mtu hupokea mambo ya mwili wake moja moja, kila moja kwa siku yake, hafikirii kuyakalisha pamoja. Mama ndiye aliyekohoa.

"Na ile miguu?"

Ile miguu ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Ilikufa ganzi kutoka nyayoni hadi kiunoni kwa wiki tatu, na tumboni palikuwa na kitu kinachobana kama mkanda wa mtu mwembamba zaidi. Mama alikuwa amelaumu sakafu ya saruji, akamnunulia viatu vyenye soli nene, ganzi ikaondoka, sifa zikapewa viatu. Daktari akaandika. Akauliza kama akiinamisha shingo anahisi chochote. Kinyonga akashangaa amejuaje, maana ni kweli, siku nyingi akiinamia ndoo umeme mwembamba humshuka mgongoni hadi vidoleni, naye hudhani kila mtu anao. Na akioga maji ya moto? Hapo akaeleza. Jumamosi iliyopita alikuwa ametoka kuoga akakuta sabuni haina rangi, taulo halina rangi, mikono yake mwenyewe imekuwa ya kijivu, akakaa kitandani akisubiri rangi zirudi, na zilirudi mwili ulipopoa. Hilo alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu hakujua lisemwe vipi.

Daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamwekea kifundoni chuma kinachotetemeka, akamuuliza anausikia mtetemo. Mguu wa kushoto uliusikia. Wa kulia ulisikia ubaridi wa chuma tu, na kimya.

Kipimo cha MRI kilikuwa siku iliyofuata. Alilazwa chali ndani ya bomba jeupe, kichwa kikafungwa kisitikisike, akaambiwa asishtuke na kelele. Kelele zikaanza, na Kinyonga, ambaye hakuwa na kopo wala kijiti, akafanya alichokijua. Mlio mrefu wa chini ulikuwa kahawia. Mlio wa kugonga haraka haraka ulikuwa chungwa. Ule uliofanana na mtu anayekuna bati ulikuwa kijani cha magari ya jeshi. Akautafuta mwekundu katika kelele zote asiupate, na katika kuutafuta akapitiwa na usingizi.

Akaota yuko uani karakana, na uwanja umejaa magari ya bati tupu, hayajawahi kupakwa kitu. Wenye magari wamesimama kila mmoja kando ya lake, wakimya, wakimngoja aseme gari lao lilikuwa la rangi gani. Hawana haraka. Anapita katikati yao, anajua kwamba anajua, neno liko kwenye ulimi, anafungua kinywa. Mhudumu wa mashine akamgusa mguu akamwambia tayari, inuka taratibu.

Walimtoa pia maji ya uti wa mgongo kwa sindano, na kwa siku tatu wakamtundikia dripu ya dawa kali iliyomfanya awe na ladha ya shaba mdomoni na asilale. Mama alikaa kando ya kitanda akipindisha marinda ya sketi za watoto asiowajua. Siku ya nne wakaitwa.

Daktari aligeuza kioo cha kompyuta wakione pamoja. Ubongo wa Kinyonga ulikuwa wa kijivu, kijivu kizuri chenye ubluu kwa mbali, na ndani yake kulikuwa na madoa meupe. Aliyahesabu kabla hajaambiwa ni nini. Yalikuwa saba.

Ugonjwa uliitwa maltipo sklerosisi. Daktari aliuandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kisha akausema polepole. Alisema kila mwili una askari wa kuulinda, na askari wa mwili huu wamekosea: wameona ganda linalofunika mishipa ya fahamu wakadhani ni adui. Wanaposhambulia panabaki kovu, na kwenye kovu habari haipiti vizuri, kama waya uliochunika. Mara ya kwanza walishambulia uti wa mgongo, ndiyo miguu. Safari hii mshipa wa jicho. Hauambukizi. Si sakafu, si viatu, hakuna aliyemkosea mtu na hakuna aliyerogwa.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," Mama akasema.

"Ndani zaidi ya nguo, mama," daktari akajibu.

Kinyonga aliuliza swali moja tu, kama ataendelea kuchanganya rangi. Daktari hakumpa jibu la kumbembeleza, na Kinyonga alimpenda kwa hilo. Alisema jicho litarudi katika wiki kadhaa, pengine lote, pengine na upungufu mdogo. Zipo dawa za kupunguza mashambulizi, haziponyi. Wapo wanaokaa miaka bila kitu na wapo wasiokaa. Inaweza kuja jicho jingine, mguu, mkono.

"Wewe utakuwa yupi sijui," akasema. "Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Kwenye korido Mama alilia, pini zikamdondoka. Kinyonga hakulia. Alikuwa anahisi jambo analoona aibu kulisema: nafuu. Balbu, viatu, ndoo, sabuni isiyo na rangi, vyote vilikuwa vimetangatanga kila kimoja peke yake kwa miaka miwili, na sasa vilikuwa na jina moja na kikao kimoja. Hofu ilikuja baadaye, nyumbani, alipojaribu kufikiria maisha yake bila kachumba kale na akakuta hana kitu kingine cha kufikiria.

Jicho lilirudi kwa wiki tano, rangi moja baada ya nyingine, bluu kwanza. Nyekundu ilikuja mwisho, na haikuja yote. Kwa jicho la kulia kila chekundu kilibaki na kivuli cha vumbi, na alijua kwamba hakitafutika.

Aliporudi karakana alikwenda moja kwa moja chumba cha rangi, akakichukua kijiti, akampelekea Mjomba pale mlangoni aliposimama. Akamwambia yote. Jina refu la ugonjwa, makovu saba, mlango wa mkunga ambao haukuwa kosa la vipimo. Akamwambia sheria ya tatu inamhusu.

Mjomba alikichukua kijiti. Akatoka uani, na Kinyonga akamsikia akiwagombeza wapiga msasa kwa jambo ambalo hata wao hawakulielewa. Ulipita muda mrefu. Aliporudi alikuwa na sigara aliyosahau kuiwasha.

"Unadhani mimi niliacha siku niliyojua," akasema. "Mimi sikujua, mwanangu. Miaka miwili nimetoa magari meupe yamekuwa kama siagi, na hakuna aliyeniambia. Wananiheshimu. Wateja wananiheshimu, mafundi wananiheshimu, mama yako ananiheshimu. Mpaka mgeni mmoja asiyenijua akauliza ni kipofu gani amepaka gari hili. Nikaitunga sheria siku ile ile ili ionekane ilikuwepo."

Kinyonga alikitazama kiti chake chenye mguu mfupi. Kwa miaka minne alikuwa ameiogopa sheria iliyokuwa na umri mdogo kuliko kiti hicho.

"Mimi jicho lilinidanganya na sikujua kwa kiasi gani. Wewe lako unajua mpaka tone." Akamrudishia kijiti. "Lakini kila asubuhi nitakuuliza, nawe utaniambia kweli. Ukinificha siku moja tu, hapo meza utaiacha, wallahi."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Mjomba alisimama mlangoni na kuuliza, leo unaonaje, na Kinyonga akajibu salama, na ilikuwa salama. Nyekundu alizichanganya kwa jicho la kushoto peke yake. Alimeza dawa zake, alioga maji ya baridi, alipochoka alikaa, na uchovu wake ulikuwa wa namna mpya, ulikuja bila kazi na kumlaza mchana kweupe. Miezi minane ilipita. Ilifika mahali akaanza kudhani yeye ni wale wanaokaa miaka.

Asubuhi moja ya baridi aliamka na mkono wa kulia haupo. Ulikuwepo, aliuona juu ya shuka, lakini ulikuwa wa mtu mwingine, mzito, umevaa glovu asiyoiona. Kikombe cha chai kilimponyoka. Mama alipouliza alisema amekishika ovyo, na papo hapo alijua ameshaanza kuficha. Njiani alijifunza jibu lake. Salama, Mjomba. Ni neno moja tu, wala si gumu. Ataegemeza kopo kifuani, atakoroga kwa kushoto, nani atajua? Uani palikuwa na gari la bluu lililopakwa zamani na mtu asiyejali, la kurudiwa upande mzima, na mwenyewe alikuwa analitaka kesho.

Mjomba akaja mlangoni. Akauliza, leo unaonaje.

Kinyonga alimtazama mzee yule na macho yake yasiyoona cheupe, na akawafikiria wote waliomheshimu kwa miaka miwili.

"Macho mazima," akasema. "Mkono umekufa. Nimeamka nao hivi, hauwezi kushika kitu. Naogopa, Mjomba."

Mjomba akatoa simu. Alimpigia simu Mama, akamwambia amtafute daktari, mchana wanakwenda. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari ambao haukuwa na koti kwa miaka mitano, akaingia ndani. Akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akafungua kopo la bluu, akachukua kijiti, akasimama mbele ya meza, mabega yakiwa yamenyooka kuliko Kinyonga alivyowahi kumwona.

"Mimi siioni hii," akasema. "Nionee wewe. Mkono ninao."

Kinyonga akaweka kadibodi puani kwa mkono wa kushoto. Akatazama gari kule uani kupitia mlangoni, akatazama kadi, akamwambia aongeze nyeusi, taratibu, basi, sasa koroga. Mkono wa Mjomba ulizunguka ndani ya kopo bila kumwaga hata chembe, kwa mwendo ule ule aliomfundisha yeye. Alikuwa amegeuzia uso rafuni, lakini shavu lake lilionekana kwa pembeni, nalo lilikuwa linacheka lenyewe. Kinyonga akaelewa kwamba mzee anafurahi, na kwamba anaona aibu kufurahi kwa sababu kama hiyo. Hakumwambia kwamba ameona. Alimwomba aongeze tone moja jingine, ingawa halikuhitajika sana.